Mapovu Kwenye Sindano ya Mama Mkwe

Tumsifu Yesu Kristo! Haya, mmeitikia. Mwenyekiti wa jumuiya ameniomba nishuhudie kwa upole. Nimemwambia upole leo sina. Majina sitaji. Anayejijua yumo humu, aketi tu.

Mama mkwe wangu mnamfahamu. Alipougua kifua kikuu, hospitali waliandika sindano kila siku, miezi miwili. Sasa mtu anayekohoa damu atashukaje zahanati na kupanda tena huku kwetu Uru kila siku? Muuguzi akaja nyumbani akanifundisha kumchoma mwenyewe. Shule nimeipatia ukubwani, darasa la jioni, mtoto mgongoni, lakini kichupa naweza kukisoma na kadi naweza kuijaza. Akaniambia, "Mama, ukishaingiza sindano usisukume. Vuta kwanza. Ukiona damu umeingia kwenye mshipa, chomoa. Usipoiona, sukuma taratibu."

Nikafanya hivyo siku kumi na tisa. Mama akaanza hata kuulizia mtori, ile supu yetu ya ndizi.

Siku ya ishirini wifi yangu alikuwepo, amemshika mama bega. Nikaingiza, nikavuta, mapovu yakaja. Yanapanda ndani ya bomba, moja, mawili, matatu. Nikashtuka, nikachomoa kabla sijasukuma hata tone. Wifi akapiga yowe.

"Hewa! Anamchoma mama hewa!"

"Wifi, sijachoma kitu, nimetoa."

"Nimeona kwa macho yangu! Mnataka kihamba, eti? Si mngengoja afe mwenyewe?"

Mnaelewa alichosema. Mume wangu ndiye kitindamimba, na kwetu kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, migomba na kahawa. Basi nikawa mwuaji. Jua halijazama shemeji zangu wamekaa uani wananihoji kama polisi. Wakachukua mabomba, wakachukua dawa. Mume wangu akasema, "Waache tu."

Ndugu zangu, nilipoanguka ni hapo: nilikubali. Niliogopa jina langu kuchafuka kuliko nilivyomhurumia yule mama. Nikaanza novena, najiambia ndiyo imani. Imani gani! Nilikuwa najificha nyuma ya rozari, na zahanati naijua ilipo.

Wifi akaleta mchomaji wake. Ile ndiyo miaka maduka ya dawa ya watu binafsi yameanza kufunguliwa mjini, kila mwenye koti jeupe anaitwa dokta. Huyu akija, chwaa! Ameshamaliza. Havuti hata kidogo. Wifi anashangilia, "Mnaona mkono ule? Msafi, hauna mapovu!" Jamani, atayaonaje mapovu mtu asiyevuta? Na alichokuwa anachoma ni vitamini, si dawa ya kifua!

Siku ya tisa akamchoma katikati ya tako. Mama akalia kwamba moto umeshuka mpaka kisiginoni. Kesho yake mguu haunyanyuki, na damu ya kifuani imerudi. Akaniita, sauti haitoki vizuri. "Mke wa mwanangu, mbona umeniacha?"

Hapo ndipo hasira iliponiingia, na ninamshukuru Mungu kwa hasira ile. Nilishuka zahanati na kandambili, sikuaga mtu. Muuguzi akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwa nini hukuja siku ile ile?" Akapanda na mimi.

Akawaita wote uani, akadai yale mabomba yarudishwe. Akachukua ndizi mbichi, akalegeza sindano pale inapokaa kwenye bomba, akampa wifi. "Choma. Vuta." Mapovu! Akaikaza sindano. "Vuta tena." Hakuna.

"Umeona? Mabomba haya yamechemshwa mpaka yamechakaa, hewa inapita kwenye kiungo kilicholegea. Haitoki kwa mama. Ukiona hivyo unachomoa, unabadilisha, unaanza upya. Ndivyo alivyofanya huyu."

Shemeji mkubwa akauliza, "Na kama ingeingia?"

"Kapovu kama hako kwenye nyama hakaui mtu. Kinachomuua ni ninyi kumnyima dawa."

Tukamsikia mama mle ndani akijigeuza ubavu kitandani, "Malizieni maneno yenu huko nje. Wewe, njoo unichome!"

Dawa ilianza upya, kuanzia siku ya kwanza kabisa. Nilichoma zote. Kifua kilipona. Mguu haukupona, muuguzi alisema ile sindano ya katikati ya tako iligusa mshipa wa fahamu; mnamwona anavyouburuta akija kanisani.

Namshukuru yule muuguzi, Mungu ampe maisha marefu. Mume wangu simshukuru kwa zile siku za "waache tu", namshukuru kwa zilizofuata, maana kila asubuhi ndiye aliyechemsha mabomba. Na namshukuru mama, aliyenigeuzia ubavu nimchome, watoto wake wote wakisikia.

Nawaambia hivi: mtu akija kukuchoma pale takoni, mwulize kama atavuta kwanza. Akikucheka, inuka uvae nguo yako. Na ukishtushwa na kitu usichokielewa, kaulize siku hiyo hiyo. Mimi nilingoja, na mguu wa mama ndio uliolipa.

Sasa tutasimama tusali Baba Yetu. Mtanisikia nasali na ninyi, halafu tukifika "kama tunavyowasamehe" mtanisikia nimenyamaza. Msidhani nimesahau maneno. Niombeeni.