Nishushe kwa Kehinde: Maisha ya Bibi Kehinde Sowemimo, 1909–1979

Mchungaji, wana wa marehemu, majirani, na ninyi wanawake wa nyundo mliofunga kazi leo: haya nimeyaandika mimi Taiwo, pacha wake. Familia ilitaka aandike Ayodele, kifungua mimba wa marehemu, kwa kuwa amesoma sana. Lakini marehemu mwenyewe alisema, "Aandike Taiwo, na mtu asimkate neno." Basi msinikate. Nilimpenda dada yangu na nilimwonea wivu miaka sitini na tisa, na nina jambo langu moja ambalo nitalisema likifika mahali pake.

Bibi Kehinde Efuyemi Sowemimo alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Agosti 1909 hapa hapa Oke-Okuta, nje kidogo ya mji wa Abeokuta. Baba yetu alikuwa mzee Oduntan, mchonga mawe ya kusagia, na mama yetu Osunbunmi. Nilitoka mimi kwanza, nikalia, nikaona dunia inakalika. Ndipo yeye akaja kwa raha zake, jua limeshachomoza. Kwa hiyo mkubwa ni yeye. Ndivyo ilivyo kwetu: mdogo hutumwa mbele akaonje, mkubwa anafuata. Mama alipopika maharage ya mapacha alikuwa akiinua bakuli na kuuliza, "Haya ya nani?" Mimi nilitakiwa kujibu, "Ya Kehinde." Naye alitakiwa kurudisha: "Hapana, ni ya mdogo wangu." Hapo tena tunakula wote. Alikuwa akikawia kurudisha makusudi, mimi namezea mate, huku yeye ananitazama tu.

Mwaka 1917 baba alisema mmoja aende shule ya misheni na mmoja abaki kumsaidia mama kuvunja kokoto. Sihitaji kuwaambia aliyekwenda ni nani. Marehemu alimaliza mwaka 1925 na kuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Roho iliniuma kila alipopita na gauni lake jeupe, lakini nisimsingizie: jioni alikuja mwambani, akachukua mkaa, akanifundisha herufi juu ya jiwe. Nilizishika upesi kuliko yeye alivyoishika nyundo. Siku moja alijipiga kidole gumba, ukucha ukang'oka, akanifokea eti nimemtazama vibaya.

Mwaka 1929 aliolewa na Jeremaya Sowemimo, fundi cherehani, ambaye naye ni marehemu. Siku ya kwanza shemeji alipokuja na kola zake, zile kokwa za kuposea, alinikuta mimi kisimani, akapiga goti na kunieleza mapenzi yake yote mpaka mwisho. Nilimwambia, "Shemeji, mwenyewe yuko ndani." Kola zile sikumrudishia, nilizila. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mimi Mungu hakunijalia, na hilo nalo niliwahi kulihesabu kwenye makosa ya dada yangu.

Sasa kazi. Mwaka 1935 serikali ya Waingereza ilitoa sheria mpya ya mawe. Kuwasha moto juu ya mwamba ikawa marufuku, eti jiwe la moto linatoka bovu. Kupasua ni kwa baruti tu, na kibali cha baruti anapewa mwanamume. Sisi tuliokuwa tukipasua kwa moto tangu enzi za bibi zetu tukawa wahalifu kwenye mwamba wetu wenyewe. Wenye baruti nao walilipua saa yoyote waliyojisikia, hata kupiga ukelele hawakupiga. Tarehe 9 Februari 1937 kipande cha jiwe kilimpiga jirani yetu Morenike akiwa uani anakoroga uji wa mtoto. Hakuinuka tena.

Hapo ndipo marehemu alipoonyesha yeye ni nani. Aliandika barua kwa serikali. Hawakujibu, akaandika nyingine. Mkuu wa shule akamwonya ataachishwa kazi, akaandika nyingine, na kweli aliachishwa. Barua ya saba ndiyo iliyowaleta mabwana watatu wa tume, tarehe 22 Novemba 1937, wakakaa kwenye viti chini ya turubai huku sisi tumesimama juani. Mkubwa wao aliitwa Bwana Pemberton, na mkalimani alikuwa Sobande wa hapa hapa mtaani.

Marehemu alisema asubuhi nzima bila kupepesa macho. "Hatuombi huruma, Bwana," alisema. "Tunaomba baruti ilipuliwe kwa saa maalumu na kengele ipigwe kwanza. Tunaomba mwanamke apewe kibali kwa jina lake. Na moto wetu turudishiwe."

Bwana Pemberton akacheka. Alisema moto hupasua jiwe ovyo ovyo, kama kuna anayeweza kulipasua kwa mstari na amwonyeshe.

Marehemu akanigeukia. "Taiwo, unangoja nini? Au kuni zako zimelowa?"

"Kuni zangu kavu," nikamjibu. "Nilikuwa nangoja umalize hotuba, nilidhani tutalala hapa."

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi nikapanda mwambani. Niliugonga kwa nyuma ya nyundo, hatua kwa hatua, nikisikiliza. Palipoitika kwa sauti nzito nikapaacha. Palipoitika kwa sauti nyembamba nikapanga kuni kwa mstari, nikawasha. Moto ukala mpaka mchana. Nikafagia majivu, nikamwaga maji ya mto, nikapiga pigo moja. Mwamba ukafunguka kutoka huku mpaka kule, umenyooka kama pindo la nguo aliyoshona Jeremaya. Wallahi, nikiwa peke yangu bado nausikia mlio ule.

Bwana Pemberton aliacha kiti chake, akachuchumaa, akapitisha kiganja kwenye ule ufa. Akauliza kitu. Sobande akasema, "Bwana anataka kujua, ufundi huu ni wa nani?"

Nilikuwa nimepiga magoti na dada yangu amesimama kando yangu. Ningejitajaje mbele ya mkubwa? Nikajibu nilivyolelewa kujibu: "Wa Kehinde." Nikasubiri anirudishie.

Kehinde akatazama mto. Akauchuna.

Sobande akatafsiri, na Bwana akaandika.

Julai 1938 sheria mpya ilitoka. Kengele mara mbili kwa siku kabla ya baruti. Moto ruhusa. Mwanamke kibali kwa jina lake, na kibali cha kwanza kiliandikwa Kehinde Sowemimo, aliyepasua jiwe mbele ya tume. Tangu mwaka ule hakuna mtu wa Oke-Okuta aliyekufa kwa jiwe la baruti. Watu wakauita mwamba ule Mwamba wa Kehinde. Malori yakaweka kituo, nacho kikaitwa hivyo hivyo. Ebu fikirini: miaka yote hii nikitoka sokoni na kapu langu la unga wa muhogo kichwani, lazima nimwambie dereva kwa mdomo wangu, "Nishushe kwa Kehinde." Na wapo madereva wanaoniuliza, "Mama, unamjua?"

Sikuwahi kudai. Ningemdai vipi kitu nilichompa mwenyewe mbele ya watu? Nilinuna tu, na kununa nako alijifanya hakuoni.

Novemba mwaka jana marehemu alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalala. Nilihamia kwake nimuuguze. Tarehe 20 Januari nilikuwa namlisha maharage, akasukuma kijiko.

"Taiwo. Lile jina."

"Jina gani?"

"Usijifanye. La siku ya moto."

Nikaweka bakuli chini. "Ulitakiwa unirudishie."

"Najua."

"Sasa mbona hukunirudishia, dada?"

"Nililitaka," akasema. "Nimesimama pale na Kiingereza changu chote, nimesema mpaka koo limekauka, halafu watu wote wanatazama mikono yako. Nilikuonea wivu, Taiwo, mpaka nikaona giza. Nikajiambia nitarudisha kesho. Kesho nikaona aibu, kesho kutwa aibu zaidi."

"Mwizi wewe," nikamwambia.

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki. "Basi liandike siku ya kuniaga. Na usilisome kwa sauti ndogo."

Kwa hiyo nalisoma kwa sauti hii hii mnayoisikia: jiwe la tarehe 22 Novemba 1937 lilipasuliwa na Taiwo Oduntan. Barua saba ziliandikwa na Kehinde, na alizilipia kwa kazi yake ya ualimu. Bila barua zile moto wangu ungenipeleka jela, na hilo linaniuma kulisema, lakini ni kweli.

Marehemu alituacha Jumamosi tarehe 3 Machi 1979, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake. Nilikuwa nimeteremka mtoni kuchota maji ya kumwogesha. Kwetu pacha haambiwi kwamba pacha wake amekufa. Niliporudi nilimkuta Ayodele amesimama mlangoni, macho chini, akaniambia, "Mama mdogo, mama amekwenda kutafuta kuni." Nikaketi pale pale na ndoo yangu.

Ameacha watoto watatu, Ayodele, Bolanle na Moyosore, wajukuu tisa, wanawake wa nyundo wa Oke-Okuta, ambao kila mmoja ana kibali kwa jina lake, na mimi mdogo wake. Nimetumwa mbele tangu siku ya kuzaliwa kwetu, na safari hii moja hakunituma, ametangulia mwenyewe. Hata hilo nalo amelichukua, na namwonea wivu.

Pumzika, dada, jiwe lisikuelemee. Kuni zikipatikana, zipange tu, moto usiwashe mpaka nifike. Na wakikuuliza huko ni za nani, safari hii nirudishie.