Nyigu wa Fundi Saa

Benchi la muuza kahawa, pale njia inapokata kwenda mashambani, lilijaa mapema siku hiyo. Gari la dawa lilikuwa linakuja. Kijiji kizima kilikubaliana kunyunyizia mahindi kabla viwavi hawajayamaliza kama msimu uliopita. Aliyegoma ni mmoja tu, Fundi Saa. Wiki tatu nyuma mpwa wake, mtafiti wa kituo cha kilimo, alimpa vikadi vyenye nyigu wadogo kuliko chembe ya chumvi, akavitundika kwenye mahindi yake. Tangu hapo usingizi ulimpaa. Mkewe alishamwambia waziwazi: "Tukikosa mavuno tena, utatupikia hizo saa zako."

— Mfuga nyigu huyo! — alimpokea Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. — Umeshawapa majina?

— Nimekuja kuomba msubiri siku tano tu, — akasema Fundi Saa. — Dawa itawaua nyigu wote.

— Siku tano! Tukimwachia kiwavi mahindi siku tano, ataomba nini tena, chumvi?

Kinyozi akasogeza kikombe chake.

— Mimi nimesikia nyigu hao wakimaliza viwavi wanahamia kwenye nywele za watu.

— Hapo unatetea kazi yako, — Redio akamkata. — Nywele ni jambo dogo. Wale wamefundishwa! Wanahesabu magunia yetu, jioni wanarudi kituoni kuripoti.

— Kwa mdomo gani? — akauliza kinyozi.

— Kwa mabawa! Tikisa moja, gunia moja.

Benchi zima likacheka. Fundi Saa naye akacheka.

— Mayai ya nondo, yale yanayotoa viwavi, yamekuwa meusi, — akasema. — Nimeyaona leo kwa kioo changu cha kukuzia. Mpwa wangu anasema yai jeusi halitoi kiwavi, linatoa nyigu.

— Kwa kioo cha saa? Uliona mshale wa dakika, bwana! — Redio akadakia.

Hapo akatokea mke wa Redio, miguu imejaa udongo, jani la hindi mkononi.

— Shemeji, habari za asubuhi, — akamsalimu Fundi Saa, kisha akamgeukia mumewe. — Baba watoto, mbona mayai ya shambani kwetu yamekuwa meusi, na sisi hatujapiga kitu?

 Redio na kinyozi wakasogea kulitazama jani.

Fundi Saa akalipokea jani, akatia kioo jichoni. Yai moja lilikuwa limetoboka, na pembeni yake kidudu kilikuwa kinanyoosha mabawa. Kutoka shamba la Fundi Saa hadi la Redio ni mashamba matatu.

— Wamefika kwenu, shemeji, — akasema. — Wamevuka mashamba matatu!

Akampa Redio kioo. Redio akainama juu ya jani, akatazama.

Ndipo gari la dawa likasikika likipanda kilima. Redio akaruka kutoka benchini, akasimama katikati ya barabara, mikono ameitanua.

— Geuza! — akapaza sauti, mpaka watu wakatoka madukani. — Geuza gari! Huku kuna watu kazini!