Mikono ya Chumba cha Manukato

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Afya Kazini, karibu chumbani kwetu. Ukipiga chafya, usijali. Sisi pua zetu zimeshastaafu kabla yetu.

TULIKOTOKA
Tulianza wanne, sasa tuko kumi na tisa. Tunatia manukato kwenye sabuni na losheni: waridi zamu ya asubuhi, limau zamu ya mchana. Ndiyo maana tukifika nyumbani waume zetu hutuuliza tulikuwa na nani.

MAFANIKIO
Mwaka huu hakuna chupa hata moja iliyorudishwa na mteja. Tunaorudi ni sisi, zahanati, kila Jumatatu.

CHANGAMOTO
Mwenzetu mmoja, Mama Kibonge, tunamwita hivyo kwa ajili ya mwanawe wa miezi minane, alianza kuwashwa katikati ya vidole. Ngozi ikapasuka. Msimamizi wetu, mtu mwema kabisa, akampa bure losheni zilizobandikwa lebo vibaya. Akajipaka. Ikawasha zaidi, naye akajipaka zaidi. Msimcheke, sote tulifanya hivyohivyo: manukato yanatuunguza, tunajitibu kwa manukato yaleyale.

Muuguzi alimnusa mikono, akaguna, akaandika barua kwamba ahamishiwe chumba cha maboksi. Barua hiyo ina mwezi mzima mezani kwa msimamizi, na juu yake kuna kikombe cha chai. Msimamizi alisema tatizo ni kufua nepi nyingi.

Nyumbani Mama Kibonge anamwogesha mwanawe kwa viwiko. Mtoto anacheka, anadhani ni mchezo. Juzi mama huyo alituambia wakati wa mapumziko, "Jamani, nimesahau shavu lake likoje."

Siku hiyo hakuna aliyemaliza chakula chake.

MAOMBI
Kwanza, kikombe kitoke juu ya barua. Pili, glavu unazotuona nazo zimetolewa kabatini leo asubuhi, hata mikunjo bado haijanyooka. Tunaomba ukiondoka kabati lisifungwe. Tatu, tupewe losheni isiyo na harufu yoyote, hata kama hakuna atakayeinunua.

Tumekuandalia kapu la zawadi. Atakayekukabidhi ni Mama Kibonge. Msimamizi alimsihi avae glavu kwa heshima yako. Amekataa, kwa heshima yako.

Mungu akujalie wajukuu wengi, na mikono ya kuwapapasa.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Manukato, zamu zote mbili.