Masale ya Kaburi la Damian

Baba Padre, wazee wa ukoo, majirani, na ninyi nyote mlioacha mashamba na biashara zenu mkaja kumsindikiza mtu wetu, mimi ninayesimama hapa ni Eliza, mdogo wake marehemu wa tumbo moja. Familia imenituma nimsimulie, na naona ni afadhali mimi, kwa sababu wengine wangemfanya mtakatifu, na yeye mwenyewe angecheka.

Dada yetu Kornelia Eliona Swai alizaliwa Machame tarehe 9 Machi 1944, asubuhi ya ukungu mzito, mzito kiasi kwamba mkunga aliipita nyumba yetu akaenda kupiga hodi kwa jirani, na nadhani ukungu ule haukumtoka kabisa, maana tangu utoto wake alikuwa mtu wa kuota ndoto na kuzisimulia huku akikoroga uji, mpaka uji unashika chini na sisi tunalala na njaa. Alianza shule hukohuko Machame mwaka 1952, akamaliza darasa la nane mwaka 1959, kisha akajifunza ushonaji kwenye kituo cha misheni.

Mwaka 1963 aliweka cherehani yake mjini Moshi, kwenye baraza ya duka moja karibu na soko, akashona sare za shule na magauni ya harusi, na mwishoni mwa miaka ya themanini mitumba ilipomwagika mjini, wenzake wakafunga vyerehani vyao, yeye akageuza kibao, akawa anapunguza makoti ya Ulaya mpaka yanawakaa Wachagga. Nawaona hapa wazee wangu kadhaa mmevaa kazi yake, na mmependeza.

Tarehe 12 Juni 1965 alifunga ndoa na Damian Lyatuu wa hapa Mwika, akaifuata dini ya mumewe bila ugomvi, ingawa nyimbo za jikoni ziliendelea kuwa za Kilutheri. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Zita aliyezaliwa mwaka 1967 na Gladys aliyezaliwa mwaka 1970, na hakuwajalia mtoto wa kiume, jambo ambalo Damian hakulisema hata siku moja, ila wapo waliolisema kwa niaba yake.

Damian alifariki tarehe 3 Agosti 1991, akazikwa katika kihamba hiki, shamba hili la ukoo mnalolikanyaga, pembeni mwa kaburi la mama yake, na dada akayazungushia makaburi yale masale, mmea uleule tunaoupanda kwenye mipaka yetu, kama desturi inavyotaka. Baada ya hapo Damian akawa anamjia usingizini, anatembea tu ndani ya migomba na koti la mvua, anasogeza majani kama mtu anayemtafutia mwenzake mahali pa kukaa, na dada akaelewa kwamba anawekewa nafasi. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja, alale pale ubavuni mwa mumewe, katika ardhi ambamo hakuna mtu angeweza kuwahamisha binti zake.

Shemeji yake, mzee Gerson, ndugu yake Damian, aliyepakana naye upande wa chini, alikuwa akisema wazi kwamba mabinti wataolewa na kihamba kirudi kwake. Yupo hapa mbele yenu, ameniruhusu nisome haya, na amesema nisipunguze.

Dada aliposikia redioni kuhusu sheria mpya za ardhi, kwamba mwanamke naye anamiliki, alianza mwaka 2000 kuteremka ofisi ya ardhi kuomba hati, anakaa kwenye benchi, anasinzia, anaota, na akiamka anawasimulia makarani alichoota, mpaka wakamwita Mama Ndoto na kumwekea kiti chenye mto. Mzee Gerson aliweka pingamizi, baraza la ardhi likalitupa, na mwezi Aprili 2001 wapimaji wakapanda mlima.

Sasa hapo ndipo sisi Wachagga tulipojikwaa, kwa sababu wageni wamefika na mwenye nyumba hawezi kuwaacha waondoke bila kula, basi dada aliingia jikoni kupika mtori wetu wa ndizi na kuchoma nyama, akawaachia wanaume kazi ya kuzunguka mpaka. Wapimaji walikuwa vijana wa mikoa ya mbali, waliambiwa kwamba Wachagga mpaka wao ni masale, wakayafuata masale, na walipofika yalipo makaburi, kule chini mpakani kwa mzee Gerson, wakadhani masale ya makaburi nayo ni mpaka, wakayafuata kwa upande wa juu, wakasimika mawe yao, kisha wakaja kula wakausifu mtori. Mzee Gerson alikuwa nao hatua kwa hatua, akaona, akanyamaza.

Hati ilitoka tarehe 14 Februari 2002, ina majina ya dada na binti zake wote wawili, akailalia chini ya mto, na asubuhi Zita alipoikunjua ramani akaona kwamba mama yake amepata shamba, ila baba yake amebaki kwa jirani.

Kurekebisha kulihitaji sahihi ya mzee Gerson, na watu wakamshauri dada ampelekee jani la sale, kwa kuwa kwetu aliyeletewa sale hana ruhusa ya kukataa, lakini dada alikuwa na kichwa kigumu, akasema sale hubebwa na aliyekosa, na yeye hajakosa. Basi kila Jumapili baada ya misa alikuwa akisimama huku kwake, anazungumza na Damian aliye kule, habari za kahawa kushuka bei, za wajukuu, za koti la nani limemshinda, na ukungu ukishuka ungedhani wako wawili. Mimi nililia nilipomwona hivyo, nasema wazi.

Mwaka huu wa 2004 aliugua ini, akalazwa Moshi tangu mwezi Agosti. Tarehe 20 Septemba mzee Gerson aliingia wodini ameshika jani la sale lililofungwa kwenye gazeti, akapiga magoti, kwa umri ule, akasema aliona na alinyamaza. Dada alilipokea, kisha akaniuliza kama anaota, nikamwambia kama ni ndoto basi na mimi nimo, na nina njaa. Alicheka, akalala amelikumbatia, na tarehe 5 Oktoba, alfajiri, alituacha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, washonaji wenzake wa Moshi walioishona sanda yake, na makarani wa ofisi ya ardhi ambao wamekuja na kile kiti.

Juzi mzee Gerson aliteremka ofisini akaweka sahihi kipande cha makaburi kiingie kwenye hati ya dada, wakamwambia marekebisho yatachukua muda. Kwa hiyo, wapendwa, kwa karatasi leo tunamzika kwa jirani, ila kwa neno la mzee Gerson, aliyepiga jembe la kwanza la kaburi hili asubuhi ya leo kwa mkono wake mwenyewe, tunamzika nyumbani.

Damian amekusogezea majani, dada, ingia, upumzike kwa amani.