Kumuaga Bibi wa Chumba cha Pampu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Meneja, mafundi wenzangu, na ninyi majirani mnaofungua bomba bila kujiuliza nani ameyasukuma maji, salaam.

Kompyuta hii iliyo mezani, ambayo mafundi huiita Bibi, imeongoza pampu za mji tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Vipuri vyake havitengenezwi tena, na walioandika programu yake wametangulia mbele ya haki. Ikizimika bila mrithi, mji unakauka.

Mbona tusihamishie programu ileile kwenye kompyuta mpya? Kwa sababu kila kompyuta hufuata amri za lugha yake tu. Hapo mhandisi wetu, mnayemwita Mdadisi, akaja na wazo ambalo mpaka leo sichoki kulichunguza: kompyuta mpya iigize ya zamani.

Nieleze polepole. Shangazi yangu alikuwa haoni. Tulipohamia nyumba nyingine, baba alipanga kitanda, mtungi na kiti chake vilevile alivyovizoea, na shangazi akavuka chumba bila kujikwaa. Ndivyo alivyofanya Mdadisi. Ndani ya kompyuta mpya alimjengea Bibi chumba chake: kumbukumbu, skrini, swichi, vyote vya kuigiza. Programu inatoa amri, mwigizaji, yaani programu mpya aliyoiandika Mdadisi, anajiuliza, "Bibi angefanya nini hapa?" kisha anafanya hilohilo kwa njia za kompyuta mpya. Amri hii, halafu inayofuata. Programu yenyewe haina habari kwamba imehama.

Je, ilikubali mara moja? Thubutu! Tulipoijaribu kwenye pampu ya uani, bomba lilitikisika kwa kishindo, Meneja akarukia nyuma ya pipa. Msimcheke, alinikuta huko.

"Lakini nimeiga kila kitu!" Mdadisi akalalamika.

"Uvivu wake hukuuiga," Meneja akajibu kutoka mafichoni. "Tangu lini Bibi akawa na haraka hivyo?"

Mdadisi akajipiga kipaji cha uso. Waandishi wa zamani, walipotaka vali, mlango wa maji ndani ya bomba, ifungwe taratibu, waliiamuru kompyuta ihesabu kwanza, maana kwa Bibi kuhesabu kulikuwa kazi ya muda. Kompyuta mpya ilimaliza hesabu kufumba na kufumbua, ikaibamiza vali, maji yakaligonga bomba. Ikabidi ifundishwe kungoja. Mdadisi, binti yangu, wengi wangejivunia kasi ile. Wewe ulikaa ukapima mwendo wa ajuza, hatua kwa hatua, mpaka bomba likanyamaza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, uliponisalimia mlangoni ulininong'oneza, "Mzee, nikimzima Bibi, maji yakakatika, nitaificha wapi sura yangu?" Basi nikuambie. Tangu jana, kwa idhini ya Meneja, Bibi anawasha taa zake tu, haongozi chochote. Pampu zote zinaongozwa na mwigizaji wake. Nawe glasi yako ya maji umeimaliza, na nimekuona ukiomba ya pili.

Chomoa plagi, Mheshimiwa. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza bila haraka, kama Bibi mwenyewe.