Jina Ambalo Halikuwa Kwenye Valve

Ndugu waombolezaji, na ninyi wa Rutshuru mliosafiri tangu alfajiri, mimi Zéphirin Munyakazi, kaka wa marehemu, ndiye niliyepewa kusoma maisha yake, mnivumilie.

Dada yetu alizaliwa Rutshuru tarehe 25 Machi 1948, sikukuu ya malaika kumpasha Maria habari, ndiyo maana alibatizwa Annonciata, jina ambalo tangu 1972, majina ya kizungu yalipopigwa marufuku, karatasi za serikali zililikataa, zikabaki na Mukamurenzi, lakini nyumbani hakuna aliyetii. Alisoma kwa masista, akapoteza mwaka wa 1959 karibu wote kwa maumivu ya koo yaliyofuatwa na homa na viungo kuvimba, tukamkanda kwa maji ya moto, akapona, au tulidhani amepona.

Septemba 1968 akawa sekretere wa shule ya msingi hapa Goma, na kila mwisho wa mwaka ni yeye aliyebandika matokeo kwenye ubao wa matangazo, ule tunaouita valve, wazazi wakisukumana nyuma yake. Tarehe 8 Agosti 1970 aliolewa na Émile Ntirenganya, dereva wa lori, wakajenga nyumba mtaa wa Majengo, wakazaa Léoncie mwaka 1972 na Rémy mwaka 1975, na baada ya uzazi huo wa pili pumzi ikawa fupi, moyo ukaanza kukimbia na kusita bila mpangilio, akawa anashika kifua na kuniambia mimi kaka yake, "Yaya, moyo iko naruka tena."

Hapa naungama mbele yenu. Tarehe 10 Juni 1983, Émile akiwa safarini Butembo, nilimpeleka hospitali, Daktari Mulumeoderhwa akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akaniambia mlangoni, "Iko ku valve, mutarudia lundi," nami, kaka wa sekretere, nikafikiri majibu yatabandikwa ubaoni Jumatatu. Nilienda peke yangu lundi tatu, nikasoma ubao wa hospitali toka juu mpaka chini, jina lake sikuliona, nikarudi nikicheka, "Hauko ku liste, uko muzima," naye akaniamini, akaendelea kuteka maji ziwani. Tarehe 2 Julai alianguka mbele ya valve ya shule, pini mkononi.

Ndipo daktari alipotueleza kwamba valve ni mlango mdogo kati ya vyumba vya moyo, kwamba wa dada uliharibiwa na ile homa ya utoto iliyoanzia kooni, ukakakamaa, damu ikabanana chumba cha juu, kikatanuka, mapigo yakapotea njia, na damu inayotuama humo huganda. Vidonge vilitupa miezi kumi, na kila asubuhi nilishika mkono wake nikisikiliza mapigo, mpaka tarehe 17 Mei 1984, donge la damu lilipopanda kichwani. Daktari anasema zile lundi tatu zisingebadili kitu, nadhani ananihurumia.

Tunamshukuru daktari, masista wauguzi, walimu wenzake, na majirani waliomtekea maji.

Leo asubuhi Léoncie amekataa uji, anasema koo linamuuma tangu jana. Daktari, nakuona hapo nyuma, tafadhali usiondoke, tukishamfukia mama yake nakuletea mtoto, sitangoja lundi.

Wewe pumzika kwa amani, Annonciata, sasa moyo unaoruka ni wangu.