Shangazi Kinyaa na Jina Aliloomba Lifutwe

Hebu mfikirieni akiwasili: mwanamke mfupi, miwani inaning'inia shingoni, mkoba kwapani, na kabla hajasalimia keshakunja uso kwa sababu ndani kuna mtu amesema "takriban". Ndiyo maana watoto wa mdogo wake walimwita Shangazi Kinyaa, naye akaitika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga.

Shule aliianza mwaka 1968. Mwalimu alipoandika ubaoni kwamba theluthi moja ni 0.33, alinyoosha mkono. "Mwalimu, na kilichobaki kapewa nani?" Alitolewa nje, na huko nje akaendelea kugawanya kwa kijiti mchangani. Shahada ya hisabati aliipata mwaka 1986.

Mwaka 1988 aliajiriwa katika ofisi ya programu za wahandisi, juu ya duka la rangi, ambako hata chai ilinuka rangi. Kazi yake ilikuwa kuifundisha kompyuta algebra: izishike herufi kama herufi, iufupishe mlinganyo, tarakimu zije mwishoni kabisa. Mlinganyo wa kurasa nzima ulitoka mstari mmoja, na wahandisi wa mabomba ya maji wakaliamini jina lake, lililoandikwa kwenye programu.

Tarehe 15 Desemba 1990 aliolewa na mpima ardhi. Bwana huyo alipomposa alisema anampenda asilimia mia na zaidi. Bibi akakunja uso. "Mia inatosha. Hiyo zaidi umeitoa wapi?"

Mwaka 2019 wenzake walitaka programu iende mbio. Wakaandika mstari mmoja unaoiachia igawanye pande zote mbili za mlinganyo kwa mwendo wa maji, bila kuuliza kwanza kama mwendo huo ni sifuri, maana kwa sifuri hakugawanyiki. Maji yakisimama ghafla msukumo hupanda, programu haioni kitu, na hapo ndipo bomba hupasuka.

"Dada, maji ya wateja wetu hayasimami," mkuu wake alimwambia.

"Na fundi akifunga koki?"

"Tutaandika onyo."

"Mtaliandika wapi, kwenye bomba?"

Hawakurekebisha. Aliacha kazi Januari 2020, akaomba jina lake liondolewe. Wakaliacha, maana ndilo lililouza.

Juni mwaka huo aligundulika ana saratani ya tumbo. Mkuu alikuja kumwona hospitali na kijitabu kipya cha programu, jina la mgonjwa limeng'aa kwenye jalada. Marehemu alikitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye uji. Akakilaza kwenye meza ya kitanda, akaweka juu yake beseni la kutapikia. "Angalau kina kazi," alisema.

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Machi 2021, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Neno lake la mwisho kwake halikuwa la mapenzi, hayo walishayamaliza. Alisema, "Warekebishe, au wanifute."

Ameacha mume, binti wawili, mdogo wake anayewasomea haya, na wale watoto waliompa jina. Tunamwombea pumziko lisilo na kero.

Nanyi wa ofisini mlioketi safu ya pili, shada lenu tumelipokea, na tumeona mmeandika jina la programu ile kwenye utepe. Kesho asubuhi mkiwasha kompyuta, jina lake litatokea tena kwenye kioo. Ni nani kati yenu atakayeugusa ule mstari?